Mpimaji na Kamba Iliyolowa

Wamepokezana wasimulizi wetu, Mola awarehemu, kwamba katika bonde la Sidri aliishi mja mwema aitwaye Dhakwani, msimamizi wa ardhi ya Baitul-Mali. Ada ya bonde ilikuwa hivi: shamba likikaa miaka mitatu bila jembe hurudi kwa umma, na msimamizi hulitunza mpaka awagawie wasio na ardhi. Mwaka ule alilitwaa konde la tajiri Mudriki, ambalo kwa miaka mitatu halikuzaa ila miiba na nyoka wanene, akawapimia mafukara ishirini, kila mmoja kamba kumi kwa kumi.

Siku ya kwanza jua liliwaka. Ya pili mvua ikanyesha, lakini Dhakwani, kwa kuwahurumia tisa waliosubiri, akapima vivyo hivyo, kanzu imemganda kama ganda la kitunguu. Alipomaliza, ardhi ikabaki. Akasujudu papo hapo kwenye tope, akidhani ni baraka.

Alasiri akajiwa na Bi Ghazala, mjane mwenye watoto watano, aliyepimiwa siku ya mvua.

"Sheikh, shamba langu dogo."

"Mama, kamba ni moja kwa wote."

"Ni moja, ila yangu ilikuwa imelowa. Mimi kazi yangu kusokota kamba za visima. Kamba ya mtende ikinywa maji hujikunja kama mkwe aliyeitwa kulima."

Dhakwani alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaipima kamba ukutani ikiwa kavu, akailoweka, akapima tena: imepungua dhiraa nzima. Kumbe baraka aliyoisujudia ilikuwa haki ya watu tisa.

Karani wake akamnong'oneza, "Muongezee mama huyu kimya kimya. Kesho Liwali anatia muhuri. Mudriki anatafuta kosa moja tu alirudishe konde lake, na hawa ishirini wabaki mikono mitupu."

"Na wale wanane wengine?"

"Hawajui."

"Mwenye mbingu na ardhi anajua."

Asubuhi Dhakwani akakiri mbele ya Liwali na bonde zima. Mudriki akainuka hata kabla hajamaliza.

"Bwana Liwali, umesikia. Kipimo chake batili, na ushahidi wake kwamba shamba langu lililala miaka mitatu nao batili. Nirudishiwe."

Mafukara wakainamisha vichwa. Dhakwani akasema tu, "Kosa ni langu. Niuzulu mimi, wao usiwanyang'anye."

Liwali akamgeukia Mudriki. "Ulijua lini kwamba kamba ilikuwa fupi?"

"Sasa hivi, kwa kinywa chake."

"Basi anayejishtaki kwa dhiraa moja usiyoiona wewe, atanidanganyaje kwa miaka mitatu iliyoonwa na bonde zima? Kaa chini."

Mashamba yakapimwa upya kwa kamba kavu, na ile ardhi iliyobaki ikawatosha wale tisa. Liwali akakataa kumuuzulu Dhakwani, ila akaamuru ncha ya pili ya kamba ishikwe na Bi Ghazala. Na inasemekana mama yule, akiona wingu tu, aliiachia kamba akaketi, wala hapana sheikh aliyemwinua.

Enyi waumini, Dhakwani alikosea, tena akalishukuru kosa lake kwa sijida. Lakini alipolijua, alilitaja mwenyewe, na siku hiyo familia ishirini zikalala na ardhi. Mola atujaalie wasimamizi wanaoiogopa dhiraa moja.