Siku Manju Alipoitikiwa

"Asiyeanzisha wimbo haitikiwi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe, mkacheka, mkadhani ni mambo ya kwaya. Hata kidogo! Chimbuko la methali hii ni hili.

Huko Usukumani alikuwapo manju, yaani mwimbishaji wa ngoma, aliyeitwa Lushinge. Jina lake lilifika kijijini kabla ya miguu yake. Lakini mwaka mmoja, pamba ikiwa imestawi na kila mtu akichekelea, moyo wake ulizima. Ugali haukushuka, usingizi ulimpaa, na alilia bila kujua anacholilia. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ni sonona, maradhi ya akili, nayo yana dawa. Akawa anazimeza kwa siri. Aliyejua ni mkewe tu, Nkwimba.

"Waambie wenzako, baba," Nkwimba alimsihi.

"Niwaambie manju wao ni kichaa? Watahamia kwa manju Gindu kesho yake."

Basi akajificha, akakosa mazoezi. Na watu wasipoambiwa, si hujiambia wenyewe? Wakasema Gindu, manju mpinzani, amemloga. Vijana wa Lushinge wakaapa kumpiga Gindu siku ya mashindano ya ngoma, na fimbo wakazichonga kweli.

Siku ilipofika, Lushinge aliingia uwanjani akaziona zile fimbo. Akamwona na Gindu upande wa pili, anafunga njuga zake, hana habari. Hofu ya kuaibika ilimkaba, lakini hofu ya damu ya mtu asiye na kosa ikaishinda. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza.

"Sikulogwa," alisema. "Ninaumwa akili."

Sasa, waitikiaji ni watu wa mazoea. Manju akifungua kinywa uwanjani, wao wanajua kazi moja tu. Wakapokea kwa sauti kuu:

"Hakulogwaaa! Anaumwa akili!"

"Jamani, siimbi!"

"Haimbi! Haimbi!" wakaitikia, na mpiga ngoma naye akaingia.

Lushinge akaangua kicheko, na ndani ya kicheko machozi. Miezi yote ile alikuwa akiliogopa neno hilo, na sasa uwanja mzima unalicheza! Akaendelea, safari hii akiimba kweli: usiku silali, mchana naogopa watu. Vijana walipoelewa kwamba si utani, walitazamana, wakazitupa fimbo kwa haya. Hakuna aliyehama.

Ndipo sauti moja ikaitikia kutoka upande wa pili.

"Hata mimi silali!"

Alikuwa Gindu. Alivuka uwanja mbele ya watu wake wote, akamshika mpinzani wake mkono.

"Kaka, nilidhani niko peke yangu. Dawa unazipata wapi?"

"Wilayani. Tutakwenda pamoja."

Lushinge hakupona siku ile. Dawa aliendelea nazo. Lakini Nkwimba, pale alipokuwa amesimama na wanawake wenzake, alishusha pumzi, akalia waziwazi kwa furaha.

"Si nilimwambia?" akasema. "Asiyeanzisha wimbo haitikiwi."