Lango la Mtu Mmoja

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi aje nao. Hadithi hii haimkatazi mtu kusinzia.

Palikuwa na mji mlimani, Kifu jina lake, ambako ukungu huingia ndani asubuhi na kuketi kama mgeni. Ng'ambo ya bonde ilikuwa nchi ya Uvule, na watu wa Uvule walikuwa wakiuana. Miji ya mlimani ikakubaliana: lango la bonde lifungwe, asivuke mtu wala mzigo bila ruhusa, na silaha zisivuke kabisa. Na kwa kuwa bunduki hainunuliwi kwa maneno matupu, wakaongeza: mtu asikopeshe wala kudhamini mzigo wa silaha, wala fedha isivuke, hata ya mboga.

Hiyo ya mboga ndiyo iliyomuuma Namkunda. Dada yake, Nakijwa, aliolewa Uvule, na Namkunda ndiye aliyekuwa akimtumia fedha ya chakula. Sasa kila akilala alimwota Nakijwa akipepeta ungo mtupu, akipepeta tu, bila kuinua macho.

Namkunda alijaliwa sikio. Alisikia chuma kikipumua ndani ya gunia: jembe hupumua taratibu, bunduki hubana pumzi.

Mzee Mrutu, mkopeshaji, alijaliwa pua. Alinusa fedha akajua inakokwenda.

Shekiondo, mdhamini wa mizigo, alijaliwa ulimi. Desturi ya Kifu ni kwamba mzigo hauondoki mpaka mdhamini alambe chumvi mbele ya watu na kutamka kilichomo. Shekiondo akitamka uongo, hata asioujua, ulimi wake hufa ganzi.

Basi akaja mfanyabiashara, Mndeme, na magunia ya majembe. Akaomba walinzi ruhusa ya kuyavusha, wakulima wa Uvule wapate kulima, akapewa. Akaenda kwa Mrutu kukopa nauli ya punda.

"Mzee wangu, nikopeshe, nitakurudishia maradufu."

Mrutu alikuwa amebakiwa na duka tupu tangu katazo lianze. Akachukua sarafu ya kumkopesha, akainusa, akafumba macho. "Hii inakwenda msibani, mwanangu. Sikopeshi."

Angekopesha, mzigo ungeondoka alfajiri, watu wengi bado wamelala. Mndeme ilimbidi auze joho na saa yake, akachelewa mpaka gulio likajaa.

Hapo akamwita Shekiondo. Shekiondo, ambaye udhamini ndio uliomlisha, akalamba chumvi. "Humu mna maje... maje..." Ulimi ukagoma. Akatema. "Thidhamini!"

Gulio likaangua kicheko. "Babu, umelewa chumvi?" Mdhamini mwingine alikwisha kutoa ulimi nje, tayari kulamba.

Lakini Mndeme, akihofia ulimi ule umetia watu shaka, akaona afadhali apate shahidi. Akamwinamia Namkunda. "Dada, wewe una sikio. Waambie ni majembe. Fedha za Nakijwa nitazibeba mwenyewe, leo hii."

Namkunda akainamia gunia. Juu, majembe yalipumua kama wazee baada ya kula. Chini yake, kitu kilibana pumzi. Akauona ule ungo, wazi kabisa, mchana kweupe. Hakuinuka mpaka punda wakaanza kupiga kwato.

"Fungueni," alisema, na sauti yake ilimjia kama ya mtu mwingine.

Bunduki zikamwagika. Ng'ambo, waliozingoja wakangoja, wakachoka, vita vikapoa kidogo.

Wazee wa Kifu wakafurahi, wakatoa zawadi waliyokuwa nayo: lango litafunguliwa mara moja tu, aingie mtu mmoja kutoka Uvule.

"Mwanangu yuko kule," alisema Mrutu. "Bila mimi, mzigo ungeshafika."

"Na mama yangu je?" alisema Shekiondo. "Nimechekwa na mji mzima, na mzigo ni mimi niliyeuzuia."

"Mliukataa," alisema Namkunda, "lakini nani aliwaonyesha kilichomo? Na ninyi, kukataa kuliwanyima faida. Mimi, kusema kweli kulimnyima dada yangu chakula."

"Mama," Mrutu akajibu kwa upole, "nawe ulisita. Mimi sikusita."

Namkunda akakubali. Ni kweli, alisita.

Asubuhi walisimama langoni watatu, ukungu umewafika magotini. Ng'ambo watu walikuwa wengi, sura hazionekani, kila mmoja ametega sikio. Mlinzi akatia ufunguo, akageuka.

"Niite jina la nani?"

Nanyi mnaonisikiliza, msiharakishe. Ungekuwa wewe umeshika ufunguo ule, ungeita jina gani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama vipi?