Binti wa Mwokaji

Wapo watu wasiokataa jambo hata siku moja. Ukiwaomba, huitikia kwa moyo mweupe. Kosa lao ni kulisogeza jambo mbele. Leo ikawa kesho, kesho ikawa mtondogoo, mpaka lile walilokuwa wakiliahirisha likachoka kuwangoja. Wahenga waliwaonya watu wa namna hiyo kwamba ukizembea sana, hata aliyetoka kiunoni mwako anaweza kuwa wa mwingine. Kisa cha mwokaji mmoja kinatosha kulithibitisha neno hilo.

Mtaani walimwita Mzee Mikate. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi kama mchwa, na kuanzia alfajiri nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Nyumba na duka vilikuwa chini ya paa moja: mbele kaunta, nyuma tanuri, na nyuma zaidi ua mwembamba wa kuanikia nguo. Alikuwa na mke na binti mmoja, mboni ya jicho lake. Binti huyo aliugua homa kali angali mdogo, hata maneno hajayaunga vizuri. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake.

Mama hakukaa kulia. Alianza kuongea na mwanawe kwa mikono. Waliyabuni maneno yao wawili jikoni, moja baada ya jingine. Kupangusa nyusi ilikuwa "baba". Kupigapiga viganja ilikuwa "mkate". Mteja bahili alikuwa ngumi iliyobanwa kifuani. Binti alipofika utu uzima, walikuwa wakisimuliana habari za mtaa mzima kwa vidole, na mara nyingi Mzee Mikate, akiwa ameinamia tanuri, alisikia mkewe akiangua kicheko nyuma ya kaunta.

"Mnacheka nini?" aliuliza.

"Njoo ujifunze, utajua," mkewe alimjibu.

"Nitajifunza, mama. Nikipata nafasi. Unga ukishaumuka haumsubiri mtu."

Hivyo ndivyo alivyosema Mzee pia siku mwalimu mmoja alipokuja kuwaambia kuna shule ya watoto wasiosikia katika mji wa pili. "Mwakani," alisema Mzee Mikate. Mwakani ilipofika, tanuri la pili lilikuwa linajengwa. Mwaka uliofuata paa lilivuja. Mwisho wa yote binti akapita umri wa kuanza shule, na mwalimu akahamishwa.

Binti akakua akijua kukanda, kupima, kuchoma na kuuza. Majirani walimwita Bubu, jina lililomchoma mama yake kama kaa la moto. Kwenye harusi na misiba walimpa masufuria aoshe, kisha wakaketi kuongea mbele yake kana kwamba ni kiti. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke yule mzima, mwenye akili kama wembe, alikuwa na la kusema. Baba yake naye, alipotaka kumwambia kitu, alimwambia mkewe: "Mwambie aongeze chumvi." "Mwambie amefanya vizuri." Hata sifa zilimfikia binti kwa mkono wa mwingine.

Asubuhi moja mama alishika kifua akiwa anakanda unga, akaketi chini polepole. Walimkimbiza hospitali. Binti alikaa kando ya kitanda chake, mikono yao ikizungumza juu ya shuka, mpaka siku ambayo mama alimwambia aende nyumbani akamnyooshee gauni lake la kijani, kwa sababu daktari alisema huenda akatoka. Binti aliondoka akitabasamu. Jua lilikuwa halijapita utosini mama alipokata roho.

Mzee Mikate alirudi nyumbani. Alimkuta binti yake anapiga pasi gauni la kijani, amelitandaza mezani, anafuata mshono wa kola kwa ncha ya pasi. Binti akainua uso, akainua na nyusi: Vipi mama?

Baba akafungua kinywa, kisha akakifunga. Katika maisha yake yote na mwanawe, hakuwa na neno hata moja la kumpa. Aliinua kidole akaonyesha juu, mbinguni. Binti akatazama dirishani, akaona wingu, akaiacha pasi na kukimbilia uani kuanua nguo. Alirudi na mzigo wa nguo kifuani. Mzee akajaribu tena: akaviweka viganja shavuni, akafumba macho, kama mtu aliyelala. Uso wa binti ukachanua. Mama amelala! Amepata usingizi! Akaitikia kwa kichwa, akashika tena pasi.

Mzee Mikate alitoka nje akaketi kizingitini. Alijiambia: atakuja mtu atakayejua kumweleza.

Hakuja mtu wa namna hiyo. Walikuja majirani na viti. Binti aliwakaribisha kwa furaha, akidhani wanakuja kumpokea mama, akaanza kuwapangia vikombe. Aliona wanawake wakiingia na vinywa wazi na mashavu yaliyolowa, akatazama huku na huku asielewe. Akamshika mmoja mkono, akamwuliza kwa vidole. Yule alizidi kulia. Halafu gari likasimama mlangoni, wanaume wakateremsha jeneza, na lilipofunuliwa binti akapenya katikati yao, gauni la kijani likiwa mkononi. Hapo ndipo alipoambiwa. Aliambiwa na uso wa mama yake.

Mlio uliomtoka siku ile, majirani waliusimulia muda mrefu. Walisema hawakujua kwamba Bubu ana sauti.

Baada ya mazishi, binti alimvuta kila mtu mkono wa nguo akifanya ishara ileile, kiganja kimepinduliwa juu. Alikuwa akiuliza kwa nini. Alikuwa akiuliza kama mama alisema lolote mwishoni. Lakini ulimi ule ulikuwa wa watu wawili, na mmoja alikuwa kaburini.

"Mpeni kazi, atasahau," alisema shangazi yake, dada wa Mzee Mikate, mwanamke wa amri nyingi na subira haba.

Nyumba ikapoa kama tanuri lisilowashwa. Baba na binti walikula meza moja bila neno. Baba alipotaka kitu alionyesha kwa kidevu. Asipoeleweka alipaza sauti, kisha akajiona mjinga, akaenda kukichukua mwenyewe.

Jirani yao mmoja, fundi cherehani aliyekuwa shoga wa marehemu, hakuweza kuvumilia. Alikuja dukani akaegemea kaunta.

"Shemeji, kule kwa Dobi kuna watu wasiosikia wanafanya kazi. Yeye mwenyewe hasikii. Kila Jumamosi mchana wanafundisha lugha ya ishara, na watu wanaosikia wanakaribishwa. Mimi nimeanza kwenda. Mlete binti, na wewe uje."

"Wazo zuri sana hilo."

"Nakujua wewe. Wazo zuri, halafu?"

"Nitakuja. Wacha msimu huu wa sherehe upite, maagizo yamenifika shingoni."

Fundi cherehani akamchukua binti peke yake. Jumamosi ile, katika chumba chenye mvuke na harufu ya sabuni, binti aliona kitu ambacho hakuwahi kukiota: wanaume kwa wanawake wazima wakibishana, wakitaniana, wakisengenyana kwa mikono, tena kwa kasi kuliko yeye na mama yake. Mmoja alimuuliza jambo, akashindwa kujibu. Mwingine akamrudia polepole. Alilia, nao wakamwacha alie, kwa sababu karibu kila mmoja wao aliwahi kulia katika chumba kile.

Tangu hapo hakukosa. Nyumbani alionekana akirudia ishara peke yake mbele ya tanuri, midomo ikicheza. Jumamosi moja alimfuata baba yake, akamshika mkono, akamvuta hadi mlangoni, akaonyesha mtaa, akamwonyesha yeye, akajionyesha mwenyewe. Macho yake yalikuwa yanamwomba. Mzee Mikate alielewa vizuri kabisa. Aliutoa mkono wake taratibu, akaonyesha tanuri. Kisha akatabasamu na kuinua kidole kumaanisha: Safari nyingine. Binti alisimama pale mlangoni kidogo, akaondoka.

Shangazi ndiye aliyekuja na shauri. Alikuwa anaishi mji mwingine, na nyumba yake kubwa ilihitaji mikono. "Kwangu hatakuwa mpweke. Hapa unamwoza kwa tanuri tu," alisema. Mzee Mikate alilitazama shauri lile akaliona jepesi: binti angepata watu, naye angepata muda wa kufikiri. Hakuna aliyemuuliza binti. Wangemuulizaje? Fundi cherehani alikuwapo nyumba ya tatu, ila haikuwajia kumwita.

Siku ya safari binti alikuta nguo zake zimefungwa kwenye begi na begi limewekwa mlangoni. Alimtazama baba yake, akapangusa nyusi, akageuza kiganja juu. Baba, kwa nini? Baba alimpigapiga begani, akatazama kando ili machozi yake yasionekane. Kwa hiyo binti akaona mtu anayemwonyesha mlango na kumgeuzia uso.

Kituo cha mabasi kilikuwa na msongamano. Shangazi alipogeuka kununua tiketi, binti alinyanyua begi lake, akatoka zake.

Habari ilifika kabla jua halijazama: yuko kwa Dobi, mzima, amepewa kitanda na kazi. Fundi cherehani alimwambia Mzee Mikate, "Nenda sasa hivi, shemeji. Dunia nzima imwache, wewe usimwache." Mzee akavaa viatu. Akavivua. "Amekasirika. Akitulia atarudi mwenyewe," alisema. "Nitakwenda wiki ijayo."

Wiki ikazaa mwezi, na mwezi ukazaa wenzake. Mzee Mikate alizeeka ghafla, kama mkate uliosahauliwa rafuni. Mara mbili alifika mpaka kona ya kwa Dobi, akawaona wale watu dirishani mikono yao ikiruka, akaona aibu ya kuingia asijue hata kusalimu, akarudi. Alijisemea kwamba atajifunza kwanza, ndipo aende. Hakujifunza.

Siku moja fundi cherehani aliingia dukani akasimama mbali na kaunta. "Binti yako anaolewa Jumamosi. Anaolewa na mpiga pasi wa pale kwa Dobi."

"Anaolewa? Na nani kamwoza, mimi niko hai?"

Mzee Mikate alitoka na aproni yake, hakufunga hata mlango.

Alimkuta binti yake akikunja mashuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na alisimama wima kuliko zamani. Mke wa Dobi, aliyekuwa anasikia, alikuja kusimama kati yao ili awafasirie. Mzee akamgeukia huyo mke wa Dobi, akasema kwa sauti ya kukatika, "Mwambie nimekuja. Mwambie nampenda, sikumfukuza. Mwambie arudi nyumbani."

Mikono ya binti ikasema, na mke wa Dobi akaitafsiri: "Anasema, kwa nini unamwambia huyu? Mimi niko hapa."

Mzee akamgeukia mwanawe.

Binti akaendelea, bila haraka, akihakikisha kila neno linafasiriwa. "Siku mama alipokufa ulinionyesha wingu. Nikaenda kuanua nguo. Ukaniambia amelala, nikafurahi. Nilipanga vikombe, baba. Watu wote walijua, mimi nikawa napanga vikombe. Nilikusamehe, nikasema hajui, nitampeleka akajifunze. Nikakushika mkono. Ukaniambia safari nyingine."

"Niliona aibu," Mzee alinong'ona. "Nilidhani bado kuna muda."

"Muda ulikuwapo. Umri wangu wote ulikuwa muda." Aliikunja pembe ya shuka, akaiweka sawa. "Sina kinyongo. Lakini anayesimama nami Jumamosi ni Dobi. Alinifundisha kusema. Nilipoumwa alikaa akaniuliza inauma wapi, nikamjibu. Wewe njoo. Utakaribishwa."

Mzee Mikate alioka kwa ajili ya harusi ile kama ambavyo hakuwahi kuoka. Alibeba makapu mwenyewe, akapewa kiti nyuma pamoja na wageni wengine. Ukumbi ulijaa watu na hapakuwa na kelele. Dobi alimshika binti mkono, akampeleka mbele, na alipomkabidhi kwa mumewe, watu wote waliinua mikono hewani wakaitikisa, msitu mzima wa vidole, ndivyo wanavyoshangilia. Hotuba zikafuata. Watu walicheka, kisha wakafuta machozi, kisha wakacheka tena. Mzee alitazama nyuso zao kushoto na kulia akitafuta walau fununu ya kinachosemwa. Alicheka walipocheka, akachelewa kuacha. Ilimjia polepole kwamba hivi ndivyo binti yake alivyokaa mezani kwake miaka yote ile.

Kijana aliyeketi karibu naye alimgusa bega, akamwuliza kitu kwa ishara, kwa adabu. Mzee akatikisa kichwa. Fundi cherehani, aliyekuwa kiti cha pili, akainama akamfasiria.

"Anauliza, wewe ni nani wa bibi harusi."

Mzee Mikate alitazama mbele, ambako binti yake alikuwa akicheka, mikono yake ikisema maneno asiyoyajua hata moja.

"Mwambie," alisema, "ni mimi niliyeleta mikate."

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.