Mzee wa Kwenye Chungu na Kiti cha Kando ya Jiko

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wafalme na majini, ni zamani hii ya karibu ambayo bado ina wastaafu wa kuishuhudia, palikuwa na ofisi ya wilaya huko Ikuvala, juu milimani, mahali ambapo mwezi wa sita ukiingia umande unaganda juu ya majani ya viazi na watu wakizungumza wanatoa moshi. Ofisi hiyo ilikuwa na meza nyingi, mihuri mingi, na jiko moja la kuni. Kando ya jiko palikuwa na kiti kimoja.

Sikilizeni vizuri habari za kiti hicho, maana kesi yote imekikalia.

Mhasibu mzee aliyekuwa akikitumia alistaafu akiwa ndiye mtu pekee ofisini asiyejua kukohoa. Alipoondoka, kila mtu alikitamani kiti chake, lakini hakuna aliyekitamani kama Atupele, mhudumu wa ofisi. Meza yake ya chai ilikuwa mlangoni, chini ya dirisha lisilo na kioo. Kibali cha kioo kipya kilikuwa kinashughulikiwa tangu binti yake yuko darasa la pili, na sasa binti alikuwa ameolewa. Kipupwe kikiingia, vidole vya Atupele vilikakamaa hata akawa anainua birika kwa viganja viwili kama mtu anayeomba dua. Hakuomba cheo. Hakuomba safari. Aliomba kukaa pale.

Mwaka huo akaja mgeni kutoka Ujapani, Bwana Hirata, mzee mfupi mwenye adabu nyingi. Alikuja kukagua mradi wa maji, akaacha zawadi: mti ndani ya chungu bapa. Ulikuwa mti kamili, una shina lenye makunyanzi, una matawi, una majani, ila kimo chake hakikufika magotini.

"Huu ni bonsai," alisema Bwana Hirata. "Una miaka themanini. Nitarudi mwezi wa tisa kuusalimia."

Akainama, akaondoka. Hakusema unatunzwaje wakati wa baridi, kwa sababu kwao jambo hilo hata mtoto analijua.

"Themanini!" alishangaa Bwana Ngailo, mkuu wa masjala. "Basi umepita umri wa kustaafu. Hauwezi kukaa ofisini bila mkataba."

Atupele yeye aliweka chini birika, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

Mti ukanyamaza.

Lakini aliyeingiwa na hofu hasa ni Mkuu wa Wilaya mwenyewe. "Mgeni akirudi akaukuta umekufa, mradi wa maji nao umekufa," alisema. "Kwa hiyo natamka mbele yenu wote: atakayeufikisha mti huu mwezi wa tisa ukiwa hai, kiti cha kando ya jiko ni chake mpaka astaafu."

Hapo hata mihuri ilitulia.

Atupele akaanza kazi siku hiyohiyo. Aliwaza hivi: mimi baridi inanitesa, nami sijafika hata hamsini, sembuse mzee wa themanini? Akauchukua mti, akauweka juu ya kiti chenyewe, kando ya jiko. Asubuhi akaumwagia maji ya uvuguvugu. Jioni akaumwagia tena. Majani yakaanza kujikunja, ncha zikawa kahawia.

"Anatoka jasho la afya," alisema Atupele, akaongeza kuni.

Mti ukanyamaza.

Ndipo akaingia Bwana Chaula, yaani Bwana Misitu, aliyekuwa amepanda misonobari mlima mzima na kuhusu miti mingine hakuwa na la kusema. Alikuwa ametoka kukagua shamba, pua yake nyekundu, buti zimelowa. Akakuta mti umekaa, yeye amesimama.

"Haiwezekani," alisema. "Afisa asimame, mche ukae?"

Akaunyanyua, akautoa nje, akauweka kwenye baraza ya nyuma ambako upepo hufika kabla ya mtu yeyote. Kisha akarudi, akakaa kwenye kile kiti na kunyoosha miguu.

"Bwana Misitu!" Atupele alishtuka. "Mzee wa watu atakufa na baridi!"

"Dada Atupele, mti ni mti. Umewahi kuona msonobari umevaa kofia?"

"Na hicho kiti?"

"Nakikaimu."

Akakikaimu kipupwe chote.

Huko nje, majani ya mti yakageuka mekundu, mekundu kama yameudhika. Kisha yakapukutika yote, likabaki shina na vijiti. Mkuu akaenda barazani na koti lake zito, akagonga shina kwa kalamu mara mbili, akasikiliza.

"Umekufa," alitangaza. "Ung'olewe. Chungu kipandwe pilipili. Mgeni tutamwambia ulihamishwa."

Amri ikaandikwa, ikapelekwa kwa Bwana Ngailo, kwa kuwa pale Ikuvala hata ufagio haukuhama kona bila kupitia masjala. Bwana Ngailo akaigonga muhuri, akaisoma, akapiga mwayo, akaiweka kwenye trei iliyoandikwa "Kesho". Juu yake akaweka kikombe cha chai. Trei hiyo ilikuwa na kesho za miaka mingi sana.

Atupele hakujua kama mti utang'olewa leo au lini. Alijua tu kwamba ameuua yeye, kwa kushindwa kumzuia Bwana Misitu, na kwamba kiti kimekwenda. Alikwenda nyuma ya kiwanda cha mbao akachota unga wa mbao kikapu kizima, akauzungushia chungu mpaka kikafunikika. Bado roho yake haikutulia. Akavua sweta lake la kijani, lile aliloletewa na binti yake, sweta pekee aliloliamini, akalifunga juu ya chungu.

"Hata kama amekufa," alisema, "hatalala wazi."

Kila asubuhi jalidi ilitanda nyeupe kwenye majani yote ya uwanjani, naye Atupele, mabega wazi, alipita barazani kwanza. Aligusa udongo; ukianza kukauka aliunyunyizia maji kidogo, kama anayeosha uso wa mgonjwa. "Shikamoo, mzee."

"Dada, unamsalimia maiti?" Bwana Ngailo alimcheka akiwa dirishani.

"Kwani wewe siku zote nakusalimia nikitegemea nini?"

Mti ukanyamaza. Bwana Ngailo naye akanyamaza.

Mwezi wa tisa ukaingia, na Bwana Hirata akaingia nao. Mkuu alikuwa ameandaa hotuba kuhusu uhamisho wa ghafla wa miti, lakini mgeni hakumpa nafasi. Alipitiliza hadi barazani, akachuchumaa, akafungua sweta la kijani, akavaa miwani. Kwenye kila kijiti palikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo kama punje za uwele.

Bwana Hirata akacheka mpaka akakaa chini.

"Nani amefanya haya?" aliuliza. "Huu mti lazima ulale kwenye baridi. Ukiwekwa kwenye joto unakosa usingizi, unachoka, unakufa. Lakini mizizi isigande, lazima ifunikwe, na udongo usikauke kabisa. Halafu mtu awe na subira asiung'oe, maana ukilala unafanana kabisa na mfu. Nani?"

Mkuu akameza hotuba yake. Akakumbuka ahadi, akauingiza mti ndani, mgeni na Atupele nyuma yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Chaula, aliyekuwa amesikia yote kupitia mlango wa nyuma, alisimama kutoka kwenye kiti, taratibu, akiacha kofia juu ya kiti ili kisipoe. "Mgeni mwenyewe amesema. Mti lazima ulale kwenye baridi. Nani aliutoa kwenye joto? Mimi. Huyu dada alikuwa anaupika. Ningechelewa siku chache tungekuwa tumeshaupakua. Kwa hiyo kiti ni changu."

"Uliutoa ili ukae wewe!" alisema Atupele.

"Kwani niliulizwa sababu?"

Bwana Ngailo akaja na trei yake mikononi. "Mgeni amesema subira. Amri ya kuung'oa ilikuja kwangu ikiwa na sahihi na muhuri. Mtu mwingine angeitekeleza. Mimi nilifanya kazi yangu kama kawaida: sikuifanya. Mti ungeng'olewa, baridi yenu na sweta lenu vingesaidia nini? Kwa hiyo kiti ni changu."

Mkuu akageuka. "Na wewe Atupele?"

Atupele alitazama kiti, akatazama vidole vyake. "Nilifunika mizizi. Nilimpa maji. Sweta ni langu."

"Ulijua yu hai?"

"Hapana. Nilijua amekufa."

"Umesikia, Mkuu?" alidakia Bwana Chaula. "Hakukusudia kuuokoa!"

"Sikukusudia kumwokoa," alisema Atupele. "Nilikusudia asione baridi."

"Na baridi ndiyo dawa yake," Bwana Ngailo akaongeza, "kwa hiyo hata hilo alikosea."

"Nilikosea," alisema Atupele. "Lakini kipupwe chote niliyetetemeka ni mimi. Kwa hiyo, Mkuu, kiti ni changu."

Mkuu alimwangalia mgeni amsaidie. Bwana Hirata akainama kwa adabu, akasema mwenye haki ya kujibu ni mti. Wote wakaugeukia.

Mti ukanyamaza.

Basi Mkuu akafanya alichozoea, akaunda kamati. Kamati ikaomba posho, posho ikaomba kibali, kibali kikapelekwa kwa Bwana Ngailo, nanyi mnaijua trei yake. Kiti kikapigwa marufuku mpaka uamuzi utoke. Jiko likaendelea kuwaka, likikipasha joto kiti kisicho na mtu. Na mwezi wa sita mwingine sasa unaingia, majani ya viazi yameanza kung'aa asubuhi, dirisha la mlangoni bado halina kioo, na sweta la kijani limerudi barazani, maana mzee lazima afunikwe.

Yuko aliyeutoa mti kwenye joto kwa choyo chake. Yuko aliyeuacha hai kwa uvivu wake. Yuko aliyeufunika kwa huruma, baada ya kukaribia kuupika kwa huruma hiyohiyo. Angekosekana mmoja, leo tungekuwa tunakula pilipili.

Je, nani alistahili kiti? Semeni. Ila wewe uliyekaa hapo karibu na moto, wewe nyamaza kwanza, tuwasikie wa mlangoni.