Namkunda Aliyesoma Bila Kukatwa

"Msomaji mbio, muulize alikopita."

Maneno hayo aliyasema mjomba wao alipopita uani na kumsikia Elihaki akijisifu kwamba amemaliza kitabu kizima kabla chai haijapoa. Mjomba hakusimama, alikwenda zake kukata majani ya ng'ombe. Elihaki na dada zake wakamgeukia Bibi Nambazi, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, wakamuuliza maneno yale yametoka wapi.

"Yametoka hapa hapa Mbaghani," Bibi alisema, "na aliyeyasema kwanza hakuyasema kwa furaha. Kaeni chini. Ila mkitaka habari ya kuchekesha nendeni kwa jirani, maana hii sitaitia sukari."

Walipokaa, akawaeleza mwanzo wa methali hiyo.

Zamani shule yetu ilikuwa na madarasa manne tu, na baada ya la nne ni jembe. Mtoto aliyetaka kuendelea ilimpasa achaguliwe kwenda shule ya kati ya bweni, kule chini tambarare. Mkaguzi ndiye aliyechagua. Alipanda mlima mara moja kwa mwaka, akamsikiliza mwanafunzi aliyetolewa na mwalimu, akampima, kisha akampeleka au akamwacha. Mwaka wa Namkunda kulikuwa na nafasi moja.

Namkunda alikuwa binti wa Senzota na Nakiete. Watu wa mlimani wakati huo walizungumza Chasu nyumbani, shambani na kwenye misiba. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha shuleni, na cha sokoni kilikuwa kidogo: bei gani, punguza, nifungie. Kwa hiyo mtoto aliyekifungua kitabu cha Kiswahili alikutana na wageni wengi kuliko ndugu.

Mwalimu wao aliitwa Kiariro. Msimlaani kabla sijamaliza, alikuwa mtu mwema, aliyewabeba watoto mgongoni mto ulipofurika. Lakini aliamini jambo moja na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Aliamini kwamba kusoma ni kama kuvuka mto juu ya gogo: ukisimama katikati, unatumbukia. Ndiyo maana darasani kwake kulikuwa na sheria kwamba msomaji hakatwi. Mmoja alisimama akasoma sentensi, wenzake wakaipokea kwa pamoja, na ilikuwa mwiko kuwazuia kwa swali. Aliyeuliza neno fulani maana yake nini aliitwa mkata msomaji, akatolewa nje kushika masikio mpaka usomaji uishe.

Na wazazi na majirani wa hapa waliipenda sheria ile, tusimtwike Kiariro peke yake. Kila Ijumaa mchana watu waliacha kazi wakaja kusimama madirishani kusikiliza. Mtoto aliyesoma ukurasa bila kukwama alipigiwa vigelegele, na mama yake alitembea sokoni wiki nzima shingo ikiwa juu. Hakuna aliyewahi kuuliza ukurasa ule ulisema nini.

Namkunda alipokuwa darasa la pili aliuliza mara moja. Mwenzake alikuwa akisoma kuhusu mtu mwenye hekima, naye akataka kujua hekima ni kitu gani, kama ni mali au ugonjwa. Wenzake wakacheka mpaka wakainamia madawati. Akashikishwa masikio nje, na wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakamwona. Siku ile aliapa moyoni kwamba hataukata usomaji tena, na hakuukata. Badala yake alijifunza kukimbia. Maneno asiyoyajua aliyapita kwa kasi zaidi, kwa sababu aligundua kwamba ukipita haraka hakuna anayeona kama umejikwaa.

Alipofika darasa la nne alikuwa msomaji ambaye Mbaghani haikuwahi kupata mfano wake. Sauti yake ilipanda na kushuka mahali panapotakiwa. Kwenye nukta alipumzika, kwenye alama ya kuuliza alipandisha. Mwalimu Kiariro alikuwa akifumba macho anapomsikiliza. Senzota, baba yake, alishakwenda kwa seremala kumwagizia sanduku la bweni.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na raha. Kila alipofunga kitabu alijisaka kichwani kutafuta alichokisoma, akakuta patupu. Maneno yalikuwa yametoka kitabuni yakapitia mdomoni na kwenda zao kwa watu wa dirishani, yeye hayakumwachia kitu. Mwanzoni alidhani ndivyo ilivyo kwa kila msomaji. Baadaye alianza kuogopa kwamba ni yeye peke yake. Alitamani kumuuliza mtu, lakini nani? Mwalimu angevunjika moyo. Wenzake wangecheka. Na mama yake hakujua hata herufi moja, angemuulizaje habari za kitabu mtu asiyewahi kushika kitabu? Akanyamaza. Mficha uchi hazai, wazee walishasema, na yeye aliuficha wake miaka yote ile huku akishangiliwa.

Mkaguzi alifika asubuhi ya ukungu, viatu vyake vimejaa matope. Alikuwa mzee mpole, Mpare mwenzetu kutoka upande wa pili wa mlima, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuikagua shule yetu. Habari zilikuwa zimeenea, kwa hiyo madirisha yote yalikuwa yamejaa. Nakiete, mama yake Namkunda, alifika mwisho. Alikuwa ametoka kuchota maji, na kwa kuogopa kuchelewa alikuja na mtungi wake kichwani, maji bado yanamdondokea mabegani.

Mkaguzi alitoa kitabu kidogo ambacho hakuna mtu wa Mbaghani aliyewahi kukiona. Akamfungulia Namkunda ukurasa.

Namkunda akasoma. Ukurasa ulieleza habari za kijiji ambacho watu wake waliufyeka msitu kilimani, chemchemi ikakauka, na wanawake wakawa wanakwenda mbali kutafuta maji. Alisoma bila kukwama hata mahali pamoja. Alipomaliza, vigelegele viliingia kwa madirisha yote, na Mwalimu Kiariro akafuta macho kwa kiganja.

Mkaguzi alingoja watu watulie. Akasema kwa upole, "Umesoma vizuri sana, mwanangu. Sasa nieleze, umepita wapi?"

Namkunda hakuelewa swali. Akamtazama mwalimu wake, mwalimu akamwashiria aendelee. Basi akarudi juu ya ukurasa akaanza kuusoma upya.

"Hapana, mwanangu. Kifunge kitabu. Niambie tu, kijiji hicho kilipatwa na nini?"

Namkunda alikifunga. Akaanza kusema ukurasa ule ule kwa kichwa, maana alikuwa ameshaushika, tangu neno la kwanza, sauti ikipanda na kushuka mahali pake. Dirishani watu wakaguna kwa kumstaajabia.

Mkaguzi akainua mkono kumsimamisha, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Namkunda kukatwa.

"Chemchemi ni kitu gani?" akauliza.

Namkunda akakitazama kitabu kilichofungwa.

"Hujawahi kuona chemchemi?"

"Sijawahi, bwana," alisema Namkunda. Alisema kwa heshima, kama alivyofundishwa, na alisema alivyoamini.

Mkaguzi akatazama dirishani, akamwona Nakiete na mtungi wake unaodondosha maji. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, mtoto huyu ana akili. Ameshika ukurasa mzima kwa kuusoma mara moja, hata mimi siwezi. Laiti ningekuja mwaka juzi."

"Bwana, mpe nafasi," alisema Kiariro. "Huko mbele watamfundisha maana."

"Huko mbele hawafundishi maana ya maneno, Mwalimu. Huko watampa vitabu vya jiografia na vya afya, na kwenye mtihani ataulizwa alichokielewa. Ataaibika mbele ya wageni, tena peke yake. Mmemfundisha kukimbia. Msomaji mbio, muulize alikopita. Hamkumuuliza."

Alitia kitabu chake mfukoni, akashuka mlima. Nafasi ya Mbaghani ikaenda shule nyingine, kwa mtoto ambaye hatukumjua jina.

Watu waliondoka madirishani mmoja mmoja, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Namkunda alitoka na mama yake. Walikwenda mpaka walipofika kwenye bonde, pale maji yanapotoka chini ya mwamba. Ndipo Nakiete akautua mtungi, akasimama.

"Mwanangu," alisema, "hii ndiyo chemchemi."

Namkunda aliyatazama yale maji. Alikuwa akiyanywa tangu kuzaliwa, alikuwa akiyaita kwa jina la nyumbani.

"Wewe umejuaje, mama?"

"Mimi nimekulia kambi ya mkonge kwa wajomba zangu, kabla sijaolewa. Kule hakuna Chasu, kila kitu ni Kiswahili. Chemchemi, msitu, kufyeka, hayo yote tulikuwa tukiyasema."

"Na hekima?"

"Hekima ni akili ya mtu aliyetulia." Nakiete akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikusikia kila Ijumaa. Nilikuwa nafurahi, nikisema mwanangu ameyajua yale maneno ya kambini bila kuambiwa na mtu. Ungeniuliza, Namkunda. Ungeniuliza tu."

"Na wewe mama, mbona hukuniuliza?"

Nakiete akayageukia maji. Angesema nini? Kwamba msomaji hakatwi? Alikaa chini kwenye majani mabichi akalia kwa sauti kama aliyefiwa, na binti yake akabaki amesimama, hajui amfariji kwa neno gani.

Namkunda alishika jembe mwaka ule ule. Mama yake alijaribu kumfundisha maneno jioni wakipika, lakini msichana alikuwa amekata tamaa. Alisema hataki, maneno yana faida gani sasa. Hakusoma tena kwa sauti, si kanisani wala kwenye barua za watu, na waliomwomba aliwaambia macho yanamuuma. Alizeeka hivyo, akafa hivyo.

Mwalimu Kiariro naye aliifuta sheria yake. Alisimama mbele ya darasa akawaambia watoto, kuanzia leo ulizeni, neno lolote msilolielewa mnaruhusiwa kukata. Watoto wakamtazama. Akangoja. Akawauliza tena nani ana swali, nao, kwa kuwa walizoea, wakaipokea sentensi yake kwa pamoja kama walivyopokea za kitabuni: nani ana swali. Kiariro akakaa kwenye kiti chake akafunika uso. Alifundisha miaka mingine mingi, na kila mwaka aliwasihi waulize, na kila mwaka waliouliza walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Woga ukishapandwa kwa mtoto, kuung'oa si kazi ya siku moja.

Nakiete ndiye aliyeibeba kauli ya mkaguzi. Alikuwa akienda shuleni kila Ijumaa, ijapokuwa hakuwa na mtoto tena mle, akisimama dirishani pake. Mtoto aliposoma vizuri na wanawake wakaanza vigelegele, yeye alivikata. Wengine walimwona mwanamke mwenye husuda, wakamwambia aache watoto wa wenzake wang'are. Hakujitetea. Aliwageukia akina mama wale, hakumgeukia mtoto, akawaambia kwa sauti ya kuomba:

"Msomaji mbio, muulize alikopita."