Kompyuta ya Kindi na Masikio ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama kuku walionyeshewa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Kelele?

— Za debe tupu!

Kimya?

— Cha mtoto alambaye sukari!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani, tena si zamani ya kale sana kwa sababu umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na Kindi, na palikuwa na Kiboko. Kindi alikuwa mdogo na hatulii. Kiboko alikuwa mkubwa na hatosheki.

Hatulii, nawaambia. Kindi akikaa, mkia haukai. Mkia huku, mkia kule, chapu chapu, kama mama aliyeacha chungu motoni. Na msimu huo ndiyo kabisa, maana alikuwa anaunda kompyuta. Si ya kuandikia barua za kuomba kazi, la. Ya kuchezea gemu, yale ya magari kukimbizana na majoka kutema moto.

Kasha lake lilikuwa mzinga uliohamwa na nyuki. Ndani akautandika sufi, ili sauti ikitaka kutoka ijikute imelala. Feni akazining'iniza kwa vipande vya mpira zisigonge mbao. Ile kadi inayochora moto wa majoka aliitoa kwa Kunguru, ambaye kila siku alikwenda mjini kuokota vilivyotupwa na visivyotupwa. Kunguru hakutaka maneno matamu. Alitaka akiba ya Kindi ya kiangazi: kungu zote, karanga zote, mbegu zote mpaka maganda. Kindi akampa. Halafu akachungulia tundu lake mtini, tupu, linatoa mwangwi. "Wenzangu wakija kucheza, kila mmoja ataleta kungu, tundu litajaa," akajiambia. "Lakini kompyuta hii ikipotea, kiangazi nitakula nini, waya?"

Tatizo lilikuwa umeme. Mbuga nzima ilikuwa na sola moja, nayo ilikuwa juu ya banda la Kiboko kando ya mto. Ilikuwa sola ya wote. Kiboko aliiomba aijaribu tu.

Na hapo ndipo penye kisa. Kiboko hakuwa mnyang'anyi. Ungemwita mnyang'anyi, angelia machozi. Kiboko alikuwa mtaalamu. Alivaa miwani isiyo na vioo. Alisema amesoma ng'ambo, na kweli alifika ng'ambo ya mto, akala majani, akarudi. Na aliweka desturi: kitu kipya hakitumiwi mbugani kabla yeye hajakijaribu. Nungunungu alipeleka redio, ikajaribiwa, ikaonekana ina kelele. Kobe alipeleka kitanda, kikajaribiwa, kikaonekana hakina kasi. Mama Kanga alipeleka sufuria, na hiyo hata sababu hakuambiwa. Ukimwendea Kiboko, "Mzee, kile kitu changu?", anavuta pumzi, hooo-fu, anasema, "Kitaalamu, bado kiko kwenye majaribio." Na jioni redio inaimba bandani mpaka vyura wa mtoni wamejua nyimbo zote.

Basi asubuhi moja Kindi na Nungunungu wakausukuma mzinga mpaka bandani. Wanyama wadogo wakafuata nyuma, nusu kumsindikiza Kindi, nusu kumwona atakavyolia.

"Hodi, Mzee."

"Karibu, binti. Hooo-fu! Umeleta nini?"

"Kompyuta, Mzee."

"Naiona. Nimezisomea hizi. Yako inatumia dizeli au petroli?"

Kindi akauma ulimi. "Umeme, Mzee."

"Nilikuwa nakupima wewe," akasema Kiboko.

Akaizunguka kompyuta. Akainusa. Akaigonga kwa ukucha, ngo ngo ngo, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Kisha akasema, "Kwanza kasi." Akaweka mguu mmoja juu ya kibodi, na mguu mmoja ukaifunika kibodi nzima.

Vruuum! Gari likaruka daraja. Joka likafoka moto, fwaaa! Mawe yakaporomoka, mvua ikamwagika, magari mengine yakaja ubavuni, na picha haikukwama hata mara moja. Iliteleza kama samli juu ya chapati ya moto.

"Mpite!" Kiboko akapiga kelele. "Mpite huyo! Mjinga huyo! Mpiteee!"

Utaalamu ulikuwa umekwenda matembezini. Kobe alipokohoa ndipo uliporudi. Kiboko akashusha mguu, akarekebisha miwani isiyo na vioo.

"Kasi si haba," akasema polepole. Lakini Kindi alikuwa amekwisha kuliona jicho lake. Lilikuwa jicho lile lile lililoitazama redio.

"Sasa kelele," Kiboko akaendelea. "Kompyuta ya gemu yenye kelele ni hatari kwa jamii. Nikisikia fyuu moja, moja tu, hii inabaki hapa kwa majaribio."

Kindi akautazama mzinga. Kwa maana alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mashine ikitulia, feni hazisikiki. Lakini ukiibebesha magari na joka na mvua kwa pamoja, ikapata joto, basi hutoa kijisauti. Fyuuu. Kidogo tu, kama mluzi wa kijana anayejifanya hakuona mtu. Sufi haikukimeza, mpira haukukizuia, na Kindi alikuwa amehangaika nacho mpaka akachoka.

Mkia huku, mkia kule. Akatazama mlango: mbali. Akatazama tumbo la Kiboko: karibu. Akatazama juu, na kule darini akamwona Popo, amejifunika mbawa, kichwa chini, analala.

"Mzee," akasema Kindi, "mtaalamu hasikilizi peke yake, watu wasije wakasema. Mweke Popo. Si ndege, si mnyama, ukoo hana, hana wa kumpendelea. Na masikio yale husikia mbu akipiga miayo."

Wanyama wote wakaitikia, "Kweli! Popo!" Kiboko angekataaje mbele ya watu?

"Nimelala," akasema Popo.

"Amka, bibi, kuna haki inatakiwa kutendwa," akasema Kindi.

"Haki haiwezi kungoja magharibi?" Popo akafumbua jicho moja. "Haya. Lakini mimi sisikilizi kitu kabla sijasikiliza chumba. Zimeni hiyo."

Kompyuta ikazimwa. Popo akasimamisha masikio. Watu wakabana pumzi.

"Chumba kina kelele," akasema Popo.

"Kelele gani na mashine imezimwa?" akauliza Kiboko.

"Hooo-fu. Hooo-fu. Inatoka kwenye matundu mawili, mapana, yenye unyevu."

Kobe akaingiza kichwa gambani akachekee huko.

"Mimi napumua kitaalamu!" akasema Kiboko.

"Sijasema unapumua vibaya. Nimesema nakusikia."

Kiboko akabana pua. Mashavu yakavimba kama magunia. Popo akasikiliza. "Sasa ni tumbo. Gurugururu." Kiboko akalibana tumbo. Popo akasikiliza. "Sasa ni..." Popo akanyamaza kwa adabu. "Kumradhi, mfungulieni dirisha."

Hapo Kiboko angeweza kusema, basi, nipeni kompyuta yangu, ondokeni. Nguvu alikuwa nazo. Lakini hiyo si kazi ya mtaalamu, hiyo ni kazi ya mnyang'anyi, na watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Kindi akaliona hilo. Akasogea, mkia ukitetema, sauti ya asali. "Mzee, wewe uliyesoma ng'ambo, kule wanafanyaje? Nimesikia husikilizia majini. Mwili mzima chini, masikio mawili juu. Au nimedanganywa?"

"Hujadanganywa," Kiboko akasema haraka. "Nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo."

Akashuka mtoni. Chubwi! Maji yakapanda ukingoni, na juu yakabaki masikio mawili, yanacheza cheza.

Kindi akawasha kompyuta. Akaibebesha magari. Akaibebesha joka. Akaibebesha mvua. Na kweli, baada ya muda, mzinga ukaanza: fyuuu.

Kiboko akaibuka. "Hooo-fu! Nimesikia! Nimesikia fyu..."

"Nimesikia pua," akasema Popo. "Ukipumua tunaanza upya."

Chubwi! Akazama. Fyuuu, ukasema mzinga. Kiboko akaibuka. "Hooo-fu! Nimesi..."

"Pua. Tunaanza upya."

Chubwi! Wanyama wadogo wakaanza kuimba taratibu, wanapiga makofi:

Zama, baba, zama,
masikio yawe juu;
mwenye shaka huzama
asikie fyuu.

Lakini Popo hana wa kumpendelea, nilishawaambia. Kiboko alipozama tena, Popo akakunja uso. "Sasa pua imetulia, nasikia vingine. Kuna redio inanong'ona. Kuna kitanda, mchwa wanakitafuna, krr krr. Kuna sufuria, kila upepo ukipita inalia, ngiii."

Kiboko akatoa mdomo nje, maji ya kuzama na kuibuka yamejaa masikioni. "Anasema nini huyo?"

"Anasema vitu vyako vya majaribio vinakuharibia jaribio, Mzee," akasema Kindi.

"Vitoeni! Mnangoja nini? Hamjui kazi ninyi!"

Mlisikia amri? Nungunungu aliisikia. Akachukua redio yake, akatoka. Kobe akaingia chini ya kitanda chake, kitanda kikaota miguu, kikatoka. Mama Kanga akaivaa sufuria kichwani akatoka akiyumba. Wala hawakusimama njiani kuaga.

Chubwi! Popo akasikiliza tena. Akasikiliza sana. Kisha akasema kwa sauti ile ile asiyoipambia mtu:

"Kimebaki kimoja. Fyuuu."

Banda zima likaganda. Mkia wa Kindi, mara ya kwanza tangu azaliwe, ukatulia. Kungu zake zote, karanga zake zote, kiangazi chake chote, vilikuwa vinaning'inia kwenye neno hilo.

Kiboko akaibuka, anatiririka maji, hasikii kitu ila maji yanayomzunguka kichwani. "Popo anasema nini?"

Mwongo angesema, hajasema kitu. Kindi hakusema uongo. Kwa nini aseme uongo na ukweli upo?

"Anasema, Mzee, kuna kitu kimoja kimebaki ndani, kinatoa fyuuu."

"Bado kuna kitu?" Kiboko akanguruma. Alikuwa amechoka kuzama, amechoka kuibuka, macho mekundu kama pilipili. "Nimeshasema vitolewe! Na hicho kitoeni!"

"Na hicho, Mzee?"

"Na hicho!"

"Kina kamba ndefu, Mzee, imepanda mpaka darini. Na huko juu ya paa kuna mzizi wake."

"Kitoeni na kamba yake na mzizi wake! Nataka kimya! Mimi si wa kuchezewa!"

Chubwi!

Jamani, mmewahi kuona wadogo wakitii mkubwa? Siku hiyo mngeona. Huyu kashika mzinga, huyu kashika kibodi, huyu kashika skrini, ngedere wamepanda paa wameshusha sola kama wanavuna paipai. Sukuma, vuta, pole pole hapo, usiikwaruze. Kufumba na kufumbua, banda lilikuwa jeupe pee, limebaki na Popo tu.

Popo akasimamisha masikio. Akasikiliza kulia. Akasikiliza kushoto.

"Jii," akasema.

Kiboko akaibuka. Maji yakamtoka masikioni, na kweli, hata yeye akasikia: jii. Sio fyuu, sio krr, sio ngiii.

Kindi alikuwa amebaki ukingoni. "Mzee, unasikia kelele yoyote ya kompyuta?"

Kiboko akatega sikio moja. Akatega la pili. Alitamani sana asikie. Lakini Popo alikuwa pale, na watu walikuwa ng'ambo ya kichaka wanamtazama.

"Sisikii kitu," akasema.

"Basi imefaulu?"

"Imefaulu," akasema Kiboko, akatuna kifua. "Na isingefaulu kama nisingeijaribu mimi."

"Asante, Mzee," akasema Kindi. Mkia huku, mkia kule, akapotea majanini.

Kiboko akapanda ukingo taratibu, pwata, pwata, akaenda kuchukua kompyuta yake iliyofaulu. Akachungulia bandani. Akavua miwani akachungulia tena. Kwa mbali, juu ya mti wa Kindi, akasikia vruuum, na watoto wa sungura wakipiga kelele, "Mpite! Mpite huyo!", na kungu zikidondoka tunduni, tok, tok, tok.

Afanye nini? Akimbie akainyakue, na alishatangaza mbele ya watu kwamba imefaulu? Kitu kilichofaulu hakijaribiwi. Na Popo, kabla ya kulala tena, akamwuliza tu, "Mzee, jaribio limekwisha?"

"Nani kasema?" akajibu Kiboko. "Kitaalamu, bado linaendelea."

Akarudi majini. Chubwi! Na yuko huko mpaka leo. Pitieni mtoni mchana mtamwona: mwili wote chini, masikio mawili juu, yanacheza cheza. Anasikiliza. Na akiibuka, hooo-fu, anaanza upya.

Sasa funzo, maana najua hamtanipa usingizi bila funzo. Funzo ni hili, wanangu: kila mkipata kitu kizuri, kipelekeni haraka kwa mkubwa akijaribu. Wakubwa hawana tamaa, wana subira tu. Na mtoto mwema hukaa ametulia, si wa kutikisika tikisika kama Kindi, kwa sababu asiyetulia hafiki popote.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, mgawane na waliolala. Ikiwa chungu, irudisheni kwangu: bado iko kwenye majaribio.