Sahani Nyepesi za Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii ni ya sahani, na sahani haisimuliwi kwa mwenye njaa.

Palikuwa na wanawake watatu walioolewa nyumba moja pale Makorora, Tanga. Tunu alikuwa na macho: ukiingia kwake umenuna, anajua umeudhiwa na nani. Mwanjaa alikuwa na mikono: ukimpa kitunguu akishike, anakuambia kama kimeoza ndani. Shamsa alikuwa na ulimi: angeweza kumuuzia muuza nazi nazi zake mwenyewe, na muuzaji akashukuru.

Mama mkwe wao alikuwa Bi Mwanakombo. Yeye kipaji chake kilikuwa Ijumaa.

Kila Ijumaa mchana wanawe, wakwe na wajukuu walikusanyika kwake, naye aliwapakulia mwenyewe. Hakuruhusu mtu ajipakulie. Alijaza sahani, akaiinua, akamkabidhi mtu mkononi pamoja na neno lake. "Hii yako, mpenda ukoko." "Wewe nimekuondolea maini, usinikunjie uso." Hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Sahani ndiyo iliyokuwa njia yake ya kumwambia kila mmoja kwamba anamjua.

Sasa sahani zenyewe zilikuwa za udongo, nene, zenye maua ya buluu, zawadi ya harusi yake. Na mikono ya Bi Mwanakombo ilikuwa imeingiwa na baridi yabisi. Daktari alimwambia, naye hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini yeye hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na pilau.

Ijumaa moja alimnyanyulia sahani Mzee Kibwana, baba yake Mwanjaa, mgeni wa heshima. Kiganja kikagoma. Pilau yote, na nyama yake, na kachumbari yake, ikamwagikia mapajani mwa mzee, na sahani ikapasuka.

"Leo nimepakuliwa kweli kweli," alisema Mzee Kibwana, na watu wakacheka.

Bi Mwanakombo alicheka nao, kisha akaingia chumbani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Ijumaa iliyofuata alisema kichwa kinamuuma. Baada ya hapo akatangaza kwamba kila mtu ale kwake, yeye amechoka na makelele.

Nyumba ikapoa. Mwanjaa aliamini mama amekasirishwa na mzaha wa baba yake. Shamsa aliamini ni kwa sababu siku ile nyama ilikuwa ngumu, na nyama aliinunua yeye. Wajukuu waliamini bibi hawataki tena.

Tunu hakuamini lolote. Alikwenda kumwamkia, akakaa, akatazama. Aliona mama haiinui birika, anaiinamisha tu hapo hapo ilipo mpaka chai itoke. Aliona chupa ya chai inabebwa kifuani kama mtoto mchanga. Aliona vikombe vya bati vimeoshwa na kupangwa juu, lakini sahani za maua zimebaki chini kwenye beseni, safi kabisa, zikingoja mtu wa kuzipandisha.

Alirudi kwa wenzake. "Mama hana hasira na mtu," alisema. "Sahani zimemshinda uzito, na anaona haya kusema."

Basi Mwanjaa akachukua kikapu akaenda sokoni. Duka la kwanza alipewa sahani za plastiki, nyepesi kama hewa. Alizibonyeza kwa kidole gumba. "Hizi zikitiwa wali wa moto zitasujudu." Duka la pili akapewa za bati. Nyepesi, rahisi, na hazivunjiki, lakini alikumbuka mchuzi wa mama unavyotoka jikoni ukichemka, na bati halijui siri: moto ukiingia ndani unatoka mpaka nje. Duka la tatu akaona sahani za melamini, ile plastiki ngumu, nyeupe, zenye ukingo ulioinuka.

"Nipe chai yako," alimwambia muuzaji.

"Chai yangu mimi?"

"Siinywi."

Akaimimina sahanini, akaishika kwa muda, akatikisa kichwa kuridhika. Akapitisha kidole kimoja chini ya ukingo, akainua, ikainuka. Mwishowe akaiachia ianguke sakafuni. Muuzaji alipiga ukelele. Sahani ilidunda, ikazunguka, ikatulia, nzima.

"Hizi," alisema Mwanjaa. Bei yake ilikuwa ya vyombo vya kulia kila siku, si ya vyombo vya kufungiwa kabatini. Akalipa na ya chai.

Lakini nani angempelekea Bi Mwanakombo sahani za melamini? Mwanamke aliyesema miaka yote kwamba mgeni halishwi kwenye vyombo vya watoto? Sahani zikakaa uvunguni mwa kitanda cha Shamsa mpaka Shamsa alipojifunga kanga yake, akaenda kwa mama mkwe na uso wa mtu aliyefikwa.

"Shikamoo mama. Nimekwama. Ijumaa nina wageni wa heshima, na wali wangu haujui kugawanyika. Wa kwanza atashiba, wa mwisho atalamba sufuria."

"Marahaba. Wageni gani hao?"

"Wagumu, mama. Kila mmoja na lake. Njoo unipakulie, usinitie aibu."

Bi Mwanakombo alitaka kukataa. Lakini mkwe kuaibika mbele za watu, hilo hakuliweza. Akachukua upawa wake wa kifuu cha nazi, akaenda.

Wageni walikuwa wanawe. Wamekaa mkekani kimya, na Mzee Kibwana kavaa kanzu mpya, jasiri wa watu. Bi Mwanakombo alipakua sahani ya kwanza, akakaza kiganja, akauma meno kungoja maumivu, akainua. Sahani ilipaa kwa haraka, nusura impige puani.

Akaitazama sahani. Akawatazama wakwe zake. Wote watatu wakawa wanahesabu nyuzi za mkeka.

"Mmenifanya mtoto?" aliuliza.

"Mtoto hapakui, mama," alisema Shamsa. "Mtoto hupakuliwa. Na sisi tuna njaa."

Bi Mwanakombo akanyoosha mkono. "Haya, hii yako, mpenda ukoko." Akapakua hadi mtu wa mwisho, na Mzee Kibwana alipewa nyama mbili. Bi Mwanakombo alifurahi siku ile, furaha ambayo hakuwa ameionja tangu sahani ivunjike, wala hakujisumbua kuificha.

Ijumaa zikarudi, na sahani za melamini zikahamia kwake.

Sasa ndipo mtihani ulipokuja. Binti yake aliyeolewa Pemba alijifungua, na Bi Mwanakombo alitakiwa akamlee mpaka arobaini iishe. Ijumaa zisingeweza kungoja. Lazima mmoja ashike upawa, na katika nyumba ile, anayeshika upawa ndiye atakayehesabiwa mama baada ya mama. Hilo walilijua wote watatu, ndiyo maana siku ya safari walifika mapema, wamependeza.

"Bila macho yangu," alisema Tunu, "Mwanjaa angepima nini, na Shamsa angesema nini?"

"Kuona shimo si kulifukia," alisema Mwanjaa. "Ungekwenda sokoni wewe, mama angekuwa anaungua vidole kwenye bati."

"Na sahani zako zilipokaa uvunguni mwangu zilikuwa nyepesi vilevile," alisema Shamsa. "Mbona hazikujipakua?"

Bi Mwanakombo aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda, na hilo ndilo lililomtesa. Tunu angejua nani kaja na huzuni, lakini Tunu hujua na yasiyomhusu. Mwanjaa angegawa sawa bila kuzidisha punje, lakini hana neno la kumpa mtu pamoja na sahani. Shamsa angewachekesha wote, lakini atakayemsifu ndiye atakayepata paja la kuku.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, wanangu," alisema.

"Kweli, mama," walijibu. "Lakini upawa una mpini mmoja."

Nje, bajaji ya kumpeleka bandarini ikapiga honi. Bi Mwanakombo akasimama mlangoni, upawa mkononi, na mbele yake mikono mitatu imenyooshwa.

Mimi nimeulizwa hadithi hii mara nyingi, na kila nikijibu nagombana na mtu. Leo sijibu. Wewe uliyekaa hapo ukitabasamu, bajaji inangoja: upawa ungempa nani?